Olenguruone: Jamii ya Wakulima Iliyofutwa, na Neno "Skwota" Tunalorushiana Kila Msimu wa Kura

1/ Msimu wa kura ukikaribia kuna maneno matatu hayakosi jukwaani: skwota, hatimiliki na "dhuluma za kihistoria". Huku mtandaoni nasi tunayarushiana kama mawe. Mmoja anasema skwota ni mvamizi. Wa pili anajibu, "sisi tuliwekwa hapa na serikali." Wa tatu anawaambia wote warudi kwao. Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Naleta historia ya jamii moja ya wakulima iliyodumu miaka kama tisa hivi halafu ikafutwa. Vuta kiti, uzi ni mrefu kidogo.

2/ Mahali ni Olenguruone. Kama hujawahi kufika, ni juu kule kwenye Mau, Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru. Baridi ya huko si ya mchezo. Ni nchi ya viazi, chai, pareto na ng'ombe wa maziwa. Jina hilo wengi wetu tulilisikia kwenye taarifa za vita vya kikabila vya 1992, na tena baada ya kura ya 2007. Lakini kisa ninachosimulia kilianza 1941 na kikaisha 1950, kabla hata hatujawa na bendera.

3/ Turudi nyuma kidogo, la sivyo hatutaelewana. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya mkoloni iligawa ardhi kubwa kubwa kwa walowezi wa Kizungu. Kiambu, familia nyingi za Wakikuyu ziliamka zikaambiwa shamba la babu sasa ni la bwana fulani. Huko Bonde la Ufa nako walowezi walipewa maelfu ya ekari, lakini wengi hawakuwa na pesa za kuzilima wala wafanyakazi. Ardhi ipo, jembe halina mtu.

4/ Hapo ndipo skwota alipozaliwa. Mlowezi alimwambia Mwafrika: njoo ukae kwangu, lima kipande hiki, leta mbuzi na ng'ombe wako, wewe nifanyie kazi siku kadhaa kwa mwaka. Wengi walienda kwa hiari, na hii tuiseme wazi. Kule kulikuwa na malisho mapana na udongo mpya. Wengine walienda kwa sababu nyumbani hakukuwa tena na pa kulima, na kodi ya nyumba ilitaka kulipwa kwa pesa taslimu.

5/ Kwa hivyo mtu akikuambia skwota ni mvamizi, mwambie hivi: neno hilo lilipoingia Kenya, skwota alikuwa mtu aliyekaribishwa na mwenye shamba, tena kwa mkataba. Sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi na kulima pale. Siku 180 ni nusu ya mwaka! Mvamizi gani huyo anayepewa mkataba?

6/ Tatizo likawa kwamba skwota alifaulu. Mbuzi wakazaana, mahindi yakajaa ghala, mtu akawa na mali ya kumtosha bila kutegemea mshahara. Mlowezi alitaka kibarua, si jirani tajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja operesheni ya kupunguza mifugo ya maskwota huko Naivasha na Nakuru. Wenyewe waliipa jina la Kiswahili ambalo halikusahaulika: kifagio. Mtu alifagiliwa mifugo ya maisha yake yote, wengine wakabaki mikono mitupu.

7/ Halafu ikaja tume. Wakenya na tume, unajua tena! Tume ya Ardhi iliundwa 1932 ikatoa ripoti 1934. Kazi yake ilikuwa kusikiliza malalamiko ya ardhi, na watu walijitokeza kwa wingi kutoa ushahidi. Mwisho wa yote ikapendekeza nyongeza ya ardhi hapa na pale kwenye rizavu, na kwa upande wa pili ikataka madai yote ya Waafrika nje ya rizavu zao yafungwe. Kufikia 1939 Nyanda za Juu zilikuwa zimechorewa mipaka kisheria kwa ajili ya Wazungu.

8/ Hebu fikiria uko kwenye viatu vya huyu mkulima. Shamba la mababu Kiambu limekwenda. Kule Bonde la Ufa sheria mpya ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, imewapa walowezi wenyewe mamlaka ya kuamua uwe na mifugo wangapi na ufanye kazi siku ngapi. Siku zikapanda kutoka 180 hadi 240, kwingine 270. Na serikali inasema hakuna dai lako litakalosikizwa tena.

9/ Kulikuwa na kundi la tatu. Kuna Wakikuyu waliokuwa wamehamia upande wa Wamaasai, maeneo ya Narok. Wengine walikuwa wameoa huko, wengine wamepokewa na marafiki. Serikali haikupenda mchanganyiko huo, maana mpango wake wote ulisimama juu ya kila kabila kukaa kwenye boksi lake. Ikaamua kuwaondoa. Wapelekwe wapi? Hapo ndipo Olenguruone ikatengwa, na 1941 wakaanza kuhamishiwa huko.

10/ Ngoja, kabla hujashangilia. Ardhi hiyo ilikuwa tupu? Hapana. Mau ni nchi ya Waogiek tangu zamani, wawindaji na warina asali, na Wamaasai nao walikuwa na malisho pande hizo. Jina Olenguruone lenyewe si la Kikikuyu. Kwa hivyo hata suluhisho la dhuluma moja liliwekwa juu ya ardhi ya mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Hili shikilia, tutalirudia.

11/ Watu walifika, wakafyeka, wakajenga. Mahindi kule juu hayakufanya vizuri kwa sababu ya baridi, lakini viazi vilikubali. Ndugu waliokuwa maskwota mashambani waliposikia kuna mahali Mwafrika anakaa bila kufanyia mtu siku 240, wakafuata. Wakajenga shule yao kwa michango yao wenyewe, kama zile shule huru zilizokuwa zikienea nchi ya Wakikuyu wakati huo. Kwa miaka michache hiyo ilikuwa jamii kamili: mashamba, shule, wazee wa kuamua kesi, harusi na mazishi.

12/ Sasa kiini cha ugomvi. Tafadhali soma hapa polepole, kwa sababu ugomvi huu bado tunao 2020 na kitu. Serikali na wakulima walikuwa wanatazama shamba moja na kuona vitu viwili tofauti.

Mkulima aliona fidia. Kwake Olenguruone ilikuwa badala ya githaka, yaani ardhi ya ukoo, aliyopoteza Kiambu. Na githaka ni yako, unamrithisha mwanao, hakuna wa kukupangia.

Serikali iliona upangaji. Kwake hawa ni watu waliowekwa kwa hisani, kwa masharti, na masharti yakivunjwa wanaondoka.

13/ Wakikuyu wana neno muhoi, mtu aliyekaribishwa kulima kwenye ardhi ya mbari nyingine. Muhoi analima, anakula, anaheshimiwa, lakini ardhi si yake. Wakulima wa Olenguruone walisema wazi kabisa: sisi si ahoi wa serikali. Huwezi kuchukua shamba la baba yangu kisha unikaribishe kwingine kama mgeni wako.

14/ Masharti yalipokuja kwa maandishi yalikuwa hivi: kila familia ipate kiwanja cha ekari chache tu. Mifugo iwe na kikomo. Uchimbe matuta, upande kwa zamu, sehemu uiache nyasi. Na lililouma kuliko yote: ardhi irithiwe na mwana mmoja tu. Kwa familia yenye wake wawili na wana sita, hilo maana yake ni kwamba wana watano watarudi kuwa maskwota.

15/ Maofisa wa kilimo walikuwa na hoja, nisiwanyime haki yao. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa jambo la kweli na milima ya Mau ni mikali. Mkulima yeyote wa leo anajua faida ya matuta. Lakini mtu ambaye hana uhakika kama atakuwepo mwaka kesho hachimbi matuta kwa moyo. Tena yule anayemwamuru achimbe ni yule yule anayemwambia ardhi si yake. Somo hili bado tunalikataa: uhifadhi bila umiliki unaonekana kama mtego.

16/ Wakakataa kutia sahihi. Ofisa akileta fomu, fomu inarudi ilivyokuja. Na hapo wakafanya jambo lililokuja kubadilisha historia ya nchi hii. Kabla ya hapo kiapo cha kisiasa kilikuwa cha viongozi na wanachama wachache wa chama kilichopigwa marufuku 1940. Olenguruone, katikati ya miaka ya 1940, walikipanua. Kikawa kiapo cha umoja, na kiliapishwa wanaume, wanawake, hata watoto. Kijiji kizima kimefungwa na neno moja: hatuondoki, hatusaini.

17/ Mambo yakafika kortini. Wakulima walishtakiwa kwa kuishi pale kinyume cha sheria, wakashindwa. Na si ajabu, maana mbele ya hakimu swali lilikuwa dogo tu: una karatasi au huna? Swali la nani alichukua shamba la Kiambu halikuwa mezani. Tume ya 1934 ilishalifunga. Unaona jinsi mlango mmoja ukifungwa, mlango wa pili unakosa maana?

18/ Kuanzia 1948 hadi 1950 wakaondolewa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa. Mazao yakaharibiwa shambani. Mifugo ikakamatwa. Watu wakapakiwa kwenye malori na wengi wakapelekwa Yatta, Ukambani. Linganisha: kutoka kwenye baridi na ukungu wa Mau, udongo mweusi na mvua karibu mwaka mzima, hadi kwenye joto, mawe na ukame. Viazi vya nani vitaota pale?

19/ Kufikia mwisho wa 1950 ile jamii haikuwepo tena. Hakuna shule, hakuna shamba, hakuna mzee wa kuamua kesi. Wengine walibaki Yatta. Wengine walipenya wakarudi Kiambu kwa ndugu wasiokuwa na nafasi. Wengine wakarudi kuwa maskwota palepale walipokimbia. Lakini kila walipokwenda walibeba hasira na kile kiapo. Tarehe 20 Oktoba 1952 mkoloni akatangaza hali ya hatari nchi nzima. Wanahistoria wa Mau Mau wakitafuta mizizi yake, Olenguruone haikosi kutajwa.

20/ Ukiniuliza mimi, hapa ndipo hadithi ingefaa kuisha kwenye filamu: wanyonge wakapigana, uhuru ukaja 1963, kila mtu akarudishiwa shamba. Lakini haikuwa hivyo.

Mwaka 1954 serikali ilianza mpango mkubwa wa kuunganisha vipande vya ardhi na kutoa hatimiliki Mkoa wa Kati. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Aliyekuwa nyumbani na aliyekuwa na chifu upande wake alipimiwa vizuri. Skwota aliyefukuzwa Bonde la Ufa hakuwa na hata kipande cha kuunganisha.

21/ Halafu 1962 ukaanza mpango wa ekari milioni moja. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo, nyingi kutoka Uingereza, kisha yakakatwa na kugawiwa Waafrika. Neno "kugawiwa" linadanganya. Mkulima aliuziwa kwa mkopo na alitakiwa kulipa. Msingi ulikuwa "aliye tayari kuuza na aliye tayari kununua". Kwa maneno mengine, swali la nani alidhulumiwa likageuka kuwa swali la nani ana pesa.

22/ Na wengine je? Waogiek wa Mau, wale niliosema tutawarudia, waliendelea kusukumwa na kila serikali kwa jina la kuhifadhi msitu. Walienda hadi Mahakama ya Afrika kule Arusha. Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao, na Juni 2022 ikatoa uamuzi kuhusu fidia. Kushinda karatasini ni jambo moja, kurudi nyumbani ni lingine. Lakini angalau kuna mahali palipoandikwa kwamba ardhi ile haikuwa tupu.

23/ Sasa turudi kwenye mijadala yetu. Mbona nimewachosha na mambo ya 1941? Kwa sababu nikisikiliza hotuba za ardhi leo nasikia Olenguruone ile ile, ila na vipaza sauti vikubwa zaidi.

"Tutawapa ardhi." Je, mnawapa kama wenyewe au kama ahoi? Barua ya kugawiwa si hatimiliki. Picha ukiwa na kiongozi umeshika bahasha si hatimiliki. Watu wa Olenguruone waliwekwa na serikali, tena kwa mpango rasmi, na serikali hiyo hiyo ikawachomea nyumba.

24/ "Hawa si wa hapa." Kauli hii ndiyo iliyomfanya mkoloni awatoe watu Narok. Aliamini kila kabila lina boksi lake, na sisi tulilirithi boksi pamoja na kufuli. Mtu anayeishi Olenguruone leo, wa kabila lolote, hakuchoma nyumba ya mtu 1950. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa watu waliowekwa pale baadaye na serikali kwa njia zao halali za wakati huo. Kumfukuza huyu ili kumrudisha yule ni kutengeneza Olenguruone ya pili, na wa tatu atasubiri zamu yake.

25/ "Sheria ni sheria, hawana karatasi, watoke." Sawa, basi tuifuate sheria yote. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali, ila hakilindi iliyopatikana kinyume cha sheria. Kifungu hicho hicho kinaruhusu watu wanaoishi kwa nia njema kwenye ardhi inayotwaliwa na serikali kulipwa fidia hata kama hawana hatimiliki. Kifungu cha 67 kinaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Na marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kumfurusha mtu, na utu wake uheshimiwe. Tingatinga la saa nane usiku halimo kwenye sheria yoyote.

26/ Kwa hivyo nakuachia maswali manne. Kiongozi yeyote, wa upande wowote, akipanda jukwaani kuahidi ardhi, muulize haya:

Moja, nani alikuwa kwenye ardhi hiyo kabla, na ameulizwa?
Mbili, anayepewa anapata hatimiliki au ruhusa? Ruhusa inaweza kufutwa na nani?
Tatu, watoto wake wote wanaweza kurithi?
Nne, ikitokea kesi, mahakama itasikiliza historia au itauliza karatasi tu?

Asipojibu la pili, huyo anatafuta ahoi wa kumpigia kura.

27/ Najua kuna watakaosema nimeegemea kabila moja kwa sababu kisa ni cha Wakikuyu. Soma tena namba 10 na 22. Ningeweza kuchagua kisa cha Pwani, cha Kericho, cha Laikipia, na mfumo ungekuwa ule ule: ardhi inachukuliwa, mwenyewe anageuzwa mgeni, mgeni anapewa masharti, masharti yakimshinda anaitwa mvamizi. Majina hubadilika, hatua hizo hazibadiliki.

28/ Ukienda Olenguruone leo utakuta soko, shule, mashamba ya chai, watoto wakitoka shuleni na masweta. Wana haki ya kuishi pale kwa amani na hatimiliki zao zikiwa safi. Lakini wana haki pia ya kujua kwamba udongo huo umewahi kubeba kijiji kingine, na kabla ya hicho watu wengine. Historia hiyo haimfukuzi mtu. Inamfanya awe mgumu kudanganywa.

Kama una mzee nyumbani aliyepitia Bonde la Ufa miaka hiyo, muulize kuhusu kifagio wakati bado yupo. Na kabla hujamwita mwenzako skwota kama tusi, kumbuka neno hilo lilimaanisha nini lilipoanza. Mwisho wa uzi. Karibuni tujadiliane, lakini bila matusi.